Tuya ya dhahabu: namna ya kuipanda Mtwara na Lindi isikaukie mikononi mwako

Mwezi wa Kumi ukifika, minada ya korosho ikaanza na pesa zikaanza kutembea, simu yangu hujaa picha za aina moja. Kimti cha duara, kahawia juu hadi chini, kimesimama mbele ya ukuta mpya uliopakwa rangi nyeupe. Na swali ni lilelile: "Nimemwagilia kila siku, mbona kimekauka?"

Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Tuya nyingi ninazoitwa kuziangalia hazikufa kwa kiu, zilizamishwa. Halafu mti huu una tabia ya kudanganya: mizizi ikishaoza, majani hubaki na rangi yake kwa wiki kadhaa. Siku unapoona kahawia, kosa lilishafanyika mwezi uliopita. Wewe unalaumu jua la wiki hii, unaongeza maji, na unamalizia kazi.

Ninayoizungumzia ni tuya fupi ya majani ya njano, Platycladus orientalis, hasa ile iitwayo 'Aurea Nana'. Vitaluni wengine huiita saipresi ya dhahabu, wengine mti mfupi wa Krismasi. Jina hilo la mwisho linachanganya watu, kwa sababu huku kwetu mkrismasi ni ule mti mkubwa unaowaka maua mekundu Desemba. Kwao tuya ni China. Huvumilia joto, huvumilia hata ardhi yenye chokaa kama yetu ya mawe ya matumbawe. Mizizi kukaa majini ndiyo haivumilii hata kidogo.

Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa jembe

- Mche wa tuya wenye kimo cha sentimita 20 hadi 40. Mkubwa zaidi ya hapo ni ghali na hushika kwa taabu.
- Beleshi au jembe, na kisu kikali.
- Ndoo moja ya mboji iliyooza mpaka hainuki. Samadi ya mbuzi iliyotoka zizini wiki hii iache hukohuko.
- Makuti mawili na vijiti vinne vya kuyashikilia.
- Matandazo ya kufunika udongo: majani ya mvinje, pumba za mpunga au maganda ya karanga, karai moja linatosha.
- Maji yasiyo na chumvi, lita 20 kwa siku ya kupanda.
- Kijiti kikavu cha mwanzi, urefu wa penseli mbili. Hiki ndicho kipimo chako cha maji, usikidharau.

Mbolea ya dukani sijaitaja, na sikusahau.

Hatua ya 1: Hakikisha ulichouziwa ni tuya

Sugua jani kwa vidole, kisha nusa. Likitoa harufu kali ya limau, hiyo si tuya. Kuna uwezekano mkubwa ni Goldcrest, jamaa yake wa nchi za baridi, mzuri sana machoni. Huyo mwachie mtu wa Lushoto au Njombe. Joto na unyevu wa pwani humwangusha hata ukimlea kama mtoto, na angepona angerefuka mita kadhaa.

Tuya yenyewe utaijua kwa mpangilio wa matawi. Ni bapa, yamesimama wima, yamepangana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Mti mkubwa ukizaa, vikoni vyake, yaani vitunda vyake vya magamba, huwa vya rangi ya bluu iliyofifia, na kila kigamba kina kipembe kilichojikunja.

Muulize mwenye kitalu kama mche umetokana na kipandikizi, yaani kijitawi kilichooteshwa, au mbegu. Wa mbegu unaweza kukua ukawa mti mrefu wa kijani, ukauliza dhahabu imekwenda wapi. Kipandikizi hubeba umbo na rangi ya mama yake.

Kisha shika shina karibu na udongo, ulitikise taratibu. Kama linacheza ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, kama jino la mtoto, usinunue. Angalia pia katikati ya mti. Majani machache makavu ya ndani ni kawaida. Ncha kavu za nje si kawaida.

Ukiagiza Dar es Salaam, fikiria safari. Hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 550. Mara ya kwanza niliweka miche mitatu kwenye buti la basi, upande wa injini bila kujua. Tulifika jioni, nikafungua mfuko, mvuke ukanipiga usoni kama wa sufuria ya wali. Yote mitatu ilibaki ya njano kwa siku kumi na mbili, nikajipongeza, kisha ikakauka kwa pamoja. Siku hizi huibeba miguuni, nimeifunga gazeti, udongo una unyevu lakini hautiririki.

Hatua ya 2: Ngoja mvua zikae

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, ndio masika yetu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Panda mvua zikishatulia, yaani udongo umelowa kina cha kiganja na nusu na kesho yake bado una unyevu. Kwa miaka mingi hiyo ni kati ya katikati ya Desemba na mwishoni mwa Januari.

Kupanda Oktoba kwa sababu pesa imeingia ni kuuweka mti kwenye kikaango. Ukishaununua, uache kwenye kiriba chake chini ya kivuli chepesi mpaka mvua zije. Hautakasirika.

Wengine hupanda Aprili, kila kitu kikiwa kijani. Hilo nalo ni kosa, ila linachelewa kuonekana. Mti unaingia kiangazi ukiwa na mizizi ya wiki tatu, upepo wa kusi unaanza kuukausha, na kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua ya kuusaidia.

Hatua ya 3: Chagua mahali

Rangi ya dhahabu hutokana na jua. Tuya ikikaa kivulini hujaza kijani ili ipate chakula, na unabaki na kichaka cha kawaida. Ipe saa sita za jua kwa siku. Mahali pazuri kuliko pote ni panapopata jua la asubuhi mpaka saa 8 mchana, kisha kivuli cha nyumba kikaanza kufika.

Epuka sehemu hizi:

- Chini ya mwembe au mkorosho.
- Chini ya ukingo wa bati lisilo na mfereji. Maji ya masika huchimba hapo na kutuama.
- Karibu na shimo la maji machafu, au pale bomba la kiyoyozi linapodondokea.
- Chini ya mita moja kutoka ukuta mweupe unaotazama magharibi. Ukuta huo huurudishia mti joto kama tanuri.

Wa Shangani, Mikindani na ufukweni Lindi mna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kubeba marasharasha ya bahari. Mti uliokabiliana nayo huungua upande mmoja tu, kama umepigwa pasi. Upande wa nyumba usiopigwa na kusi mara nyingi ndio huohuo unaochomwa na jua la jioni. Ukilazimika kuchagua, kimbia chumvi. Jua la jioni utalizuia kwa kuti. Chumvi huna cha kuizuia nacho.

Ukishapata mahali, pima ardhi. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena, kisha angalia baada ya saa moja. Kwenye kichanga cha pwani maji yatakuwa yameondoka kabla hujamaliza chai. Kwenye udongo mwekundu wa Newala na Tandahimba pia yatakwenda vizuri. Lakini kama yameshuka kwa kiasi kisichofika sentimita mbili na nusu, kama ilivyo kwenye udongo mweusi wa mabondeni, usipande chini. Jenga tuta la sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi, pana kama ungo mkubwa, upande juu yake.

Hatua ya 4: Chimba shimo pana, si refu

Hapa ndipo wakulima wazuri wanapokosea kuliko wasiojua kilimo. Tumezoea shimo la futi mbili kwa futi mbili, kwenda chini futi mbili, kujaza samadi nusu. Kwa mnazi, sawa. Kwa tuya ni kaburi. Udongo laini uliojazwa chini hushuka polepole, mti unashuka nao, na shina linafukiwa.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya kiriba, na kina sawasawa na kiriba. Mti ukae juu ya ardhi ambayo haijachimbwa. Kokoto chini ya shimo usiweke. Watu huziweka wakidhani zitapitisha maji, kumbe maji hutuama juu yake, pale pale mizizi ilipo.

Kwenye kichanga, changanya mboji sehemu moja kwa udongo uliotoka shimoni sehemu tatu. Kwenye udongo wa kushika, rudisha uleule bila kuongeza kitu. Ukiweka mchanganyiko laini katikati ya mfinyanzi umetengeneza bakuli, na masika italijaza.

Hatua ya 5: Fungua mizizi

Mwaka jana jirani yangu hapa Chikongola, mjini Mtwara, aliniita nitazame tuya yake ya miaka miwili iliyokuwa imepauka. Niliishika shina ili nione imesimamaje, ikatoka yote, kwa mkono mmoja. Chini kulikuwa na duara kamili la mizizi lenye umbo la kiriba, na kiriba chenyewe cheusi bado kimeivaa. Fundi alikuwa amekata kitako tu, akadumbukiza. Kwa miaka miwili mizizi ilizunguka humo ndani ikijitafuta.

Kwa hiyo lowesha kiriba, kichane kwa kisu toka juu hadi chini, kitoe chote. Tazama mizizi. Kama imejizungusha pembeni, ifumue kwa vidole. Ikishakuwa migumu, chana michirizi minne ya kusimama, kina cha sentimita moja, kuzunguka donge la udongo na mizizi. Kukata kidogo hakuiui. Mizizi mipya hutokea pale ulipokata na kwenda nje.

Usivunje donge lote. Tuya haipendi kuoshwa mizizi kama mche wa mchicha.

Hatua ya 6: Panda jioni

Weka mti shimoni na utafute pale shina linapogeuka kuwa mizizi. Pawe juu ya usawa wa ardhi sentimita moja au mbili. Laza mpini wa jembe juu ya shimo upate kipimo. Ukipanda chini, gome la shina linabaki limelowa na kuoza. Ukipanda juu kidogo, hakuna hasara.

Rudisha udongo, ushindilie kwa viganja, usiukanyage kwa kisigino. Mwagilia lita 10 polepole, subiri zinywe, ongeza 10 nyingine. Udongo ukititia, ongeza pembeni, si shinani. Nguzo ya kuushikilia haihitajiki kwa mti mfupi hivi.

Ukimaliza vizuri, sukuma kilele kwa kidole: mti unainama na kurudi, na udongo wa chini hautikisiki.

Hatua ya 7: Kivuli cha wiki nne

Mche uliokulia chini ya neti ya kitalu haujui jua letu la Januari. Simamisha makuti upande wa magharibi, yameinama kidogo, yasiuguse mti. Wiki ya tatu anza kuyachambua, ukitoa njiti kadhaa kila baada ya siku mbili, na wiki ya nne yaondoe kabisa. Ukisahau kuyaondoa, utaona majani yanaanza kuwa ya kijani upande huo.

Hatua ya 8: Maji kwa kijiti, si kwa ratiba

Choma kile kijiti cha mwanzi sentimita 10 ardhini, karibu na ukingo wa donge. Kiache dakika kumi, kisha kitoe. Kikitoka kimelowa na udongo umekigandia, weka keni ya kumwagilia chini urudi ndani. Kikitoka kikavu, mwagilia.

Kama huna mvua, makadirio ya kuanzia ni haya. Wiki mbili za kwanza, lita tano kila baada ya siku mbili. Kuanzia hapo hadi miezi mitatu itimie, lita tano hadi kumi mara mbili kwa wiki. Kiangazi cha kwanza, lita kumi kila siku ya saba, au kila siku ya nne au ya tano kama uko kwenye mchanga mtupu. Mwagilia mara chache kwa wingi ili mizizi ifuate maji chini. Vikombe viwili vya kila jioni huilea mizizi juujuu, mahali inapochomeka kwanza.

Maji yaende ardhini, si juu ya majani. Katikati ya tuya pamebanana, pakilowa kila siku ukungu unaingia. Na maji ya kisima cha karibu na bahari yaonje kwanza. Ukihisi chumvi ulimini, mti utaihisi zaidi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, au tumia ya bomba.

Mti umeshika lini? Kati ya wiki ya sita na ya kumi utaona ncha laini za njano mbichi, karibu rangi ya nyama ya ndizi mbivu, zimechomoza kuzunguka mti mzima. Kabla ya hapo, njano yote unayoiona ni akiba ya kitaluni.

Hatua ya 9: Matandazo, na kitu kimoja cha kuepuka

Tandaza sentimita tano hadi saba, ukiacha duara tupu la kiganja kizima kuzunguka shina. Majani ya mvinje ndiyo ninayoyapenda, hayapeperuki na hayagandi. Makumbi ya nazi nayo mazuri, ila yaloweke na kuyamwaga maji mara mbili tatu, yana chumvi.

Maganda ya korosho mabichi usiyatumie hata kama umepewa gunia bure. Mafuta yake yanababua mkono wa mbanguaji, sembuse mzizi mchanga. Kagua mchwa kila wiki. Ukiona njia zao za udongo, kusanya matandazo yote, acha ardhi ipigwe na jua siku chache, rudisha kidogo.

Hatua ya 10: Chakula kidogo, mkasi kidogo

Konzi mbili za mboji mwanzo wa kila masika zinatosha. Urea huutoa mti majani mengi laini ya kijani, matawi yanalegea na kufunguka katikati kama mwavuli uliovunjika, na wadudu wanakuja.

Kupogoa ni kwa ncha tu, na ni kwa hiari. Tuya haichipui kwenye kuni tupu la kahawia. Ukikata ukapita majani yenye uhai, tundu hilo litakaa hapo maisha. Tawi la kijani kibichi likitokea na kukimbia kuliko wenzake, hilo likate toka shinani, linarudi kwenye asili yake na litauzidi mti nguvu. Majani makavu ya ndani yakung'ute kwa mkono mara moja kwa mwaka.

Usitarajie mbio. Sentimita chache kwa mwaka, na miaka mingi kufika mita moja au moja na nusu.

Kusoma kahawia

Usikimbilie dawa. Tazama kwanza kahawia imeanzia wapi.

Ikiwa ndani tu, karibu na shina, ni majani ya zamani yaliyokosa mwanga. Hakuna ugonjwa.

Ikiwa upande mmoja unaotazama bahari, ni chumvi. Baada ya kila siku ya upepo mkali, suuza mti kwa maji yasiyo na chumvi asubuhi. Hapo, na kwenye utitiri nitakaoutaja hapa chini, ndipo tu nakuruhusu kulowesha majani.

Ikiwa mti mzima umepauka na kijiti chako kinatoka kimelowa, ni mizizi kuoza. Acha kumwagilia, vuta matandazo, funua udongo uliofunika shina. Baadhi hupona, wengi hawaponi.

Ikiwa majani yana vumbi la kijivujivu na madoa madogo, katikati ya kiangazi, weka karatasi nyeupe chini ya tawi ulipigepige. Vidoti vinavyotembea ni utitiri. Anza na maji ya nguvu kutoka chini kwenda juu, alfajiri, siku tatu mfululizo. Wakizidi, dawa unayo stoo: salfa ya unga ya mikorosho huua na utitiri pia. Pulizia kidogo sana, asubuhi mapema, umevaa barakoa, kamwe isiwe mchana wa jua kali, kwa sababu salfa na joto huunguza majani. Kama ulipaka mafuta ya mwarobaini, subiri wiki mbili kabla ya salfa.

Ukiona vifuko vidogo vya vijiti vinaning'inia, ndani yake kuna viwavi. Vichume, vichome moto.

Kama ardhi yako ni jiwe

Kuna viwanja ambavyo jembe linagonga tumbawe kwenye sentimita 15. Usihangaike na mtaimbo, panda kwenye chungu. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa ikisafishwa vizuri na kutobolewa matundu sita kitakoni. Iinue juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke. Jaza udongo wa kichanga sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja, mboji sehemu moja. Mchanga wa ufukweni usiuguse.

Ndoo nyeusi huchemsha mizizi. Ipake rangi nyeupe au izungushie makumbi kwa kamba. Kwenye chungu kijiti ni cha kila siku, na mwezi wa Kumi huenda ukamwagilia kila jioni. Baada ya miaka miwili au mitatu hamishia chombo kikubwa zaidi, masika ikianza.

Kabla hujaung'oa

Chukua ukucha, kwangua gome la shina karibu na ardhi, ukubwa wa punje ya mchele. Chini yake pakiwa kijani na pana unyevu, mti bado uko hai, upe miezi miwili kwa utaratibu wa hatua ya 8. Pakiwa kahawia, panda juu kidogo ukwangue tena, kisha pembeni.

Pote pakiwa pakavu, ng'oa, na ukate donge katikati kwa beleshi. Mizizi myeusi inayomenyeka ganda kama uzi ni ya mti uliozama. Iliyozunguka ni ya kiriba. Mieupe michache na udongo mkavu kama unga, basi hiyo kweli ilikuwa kiu. Kama ilikuwa myeusi, tuya mpya ipande hatua kadhaa mbali na shimo hilo, juu ya tuta, maana ugonjwa wa kuoza mizizi hubaki udongoni ukimsubiri mgeni.